Atakayempokea Esha

Dar es Salaam, 17 Februari 1957

Mdogo wangu Mbeyu,

Nakuitikia marahaba tangu mwanzo, usije ukasema sikukusikia. Hapa Ilala tu wazima. Seifu amekuwa kibogoyo, meno mawili ya mbele yametoka, na bado anazungumza kama mzee wa baraza. Mimi nina mimba ya miezi mitano, miguu imevimba, na joto la huku halina huruma. Nisalimie mama yetu. Mwambie leso alizoniletea zimefika, na ile nyekundu nimekwisha kuivaa kwenye maulidi ya hapa mtaani.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Shemeji yako Abdurahman amepata kazi katika ofisi ya kampuni ya ndege, upande wa mizigo, na kampuni inawapa wafanyakazi wake nauli ndogo kwa watoto wao. Mume wangu ana watoto wawili. Mmoja yuko hapa, mwingine yuko kwako. Nataka Esha aje ale Idi na sisi. Atapanda ndege Mombasa peke yake, mle ndani kuna msichana mhudumu anayewatazama watoto, na mimi nitampokea huku. Kwa tumbo hili basi la kuja huko siliwezi, nawe una shule yako.

Ana miaka saba, Mbeyu, na sijawahi hata mara moja kumvika nguo ya Idi.

Nangoja neno lako.

Dada yako,
Mwanasha

Msambweni, 30 Machi 1957

Dada Mwanasha,

Shikamoo. Utanisamehe kuchelewa. Tulikuwa na mkaguzi shuleni, kisha mvua zikaanza, na barabara ya Ramisi imekuwa tope tupu. Mama yetu hajambo ila magoti. Anasema leso zile zilikuwa za kushinda nazo nyumbani, wewe umezivaa maulidini, basi umezidi.

Kuhusu Esha. Alishikwa na homa, sasa amepona, lakini hajachanjwa ndui na nimesikia kwamba bila cheti cha chanjo mtoto hapandi ndege. Siwezi kumchanja akiwa ndiyo kwanza anapata nguvu. Tena Ramadhani imetukaribia, na mwaka huu ametaka kujaribu kufunga pamoja nami, angalau mpaka adhuhuri. Nadhani Idi hii haitawezekana.

Unauliza habari zake, nitakuambia. Anasoma vizuri kuliko wanafunzi wangu wa darasa la tatu. Hapendi kisamvu. Akilala hushika sikio langu, na nikijigeuza hulitafuta gizani mpaka alipate. Mambo haya sikuandikii ili uumie. Uliniuliza.

Wako mdogo,
Mbeyu

Dar es Salaam, 9 Mei 1957

Mbeyu,

Marahaba. Tuko salama, na mama yetu mwambie akipaka mafuta ya mbarika magotini asitoke nje kwenye umande.

Sikukuuliza habari zake. Isome tena barua yangu. Nilikuomba uniletee mtoto.

Idi imekwisha. Nilimshonea Esha gauni la maua ya manjano, urefu niliukisia kwa mtoto wa jirani. Mtoto wa jirani ndiye aliyelivaa.

Abdurahman amekuandikia masharti yote, mimi nayanakili hapa ili usipate la kusingizia. Mtoto awe ametimiza miaka mitano. Awe na cheti cha chanjo. Mlezi anayempeleka aandike barua ya ridhaa na aitie sahihi mbele ya karani. Mtoto atavikwa kadi shingoni yenye jina lake na jina la atakayempokea, na hapewi mtu mwingine hata awe nani. Wakifika watamwuliza mtoto mwenyewe: huyu unamjua, ni nani wako? Akisita, hawamtoi. Asipokee kitu kwa mtu asiyemjua. Asibebe mafuta wala samaki mkavu. Aende chooni kabla ya kupanda. Apewe peremende za kutafuna, masikio yasimzibe.

Sasa hilo la kumwuliza mtoto. Nilipopata mimba ya Seifu, Esha alikuwa angali ananyonya. Mama yetu akasema atolewe asiendelee kunyonya maziwa ya mimba, akae nawe msimu mmoja mpaka alisahau ziwa. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umetoka shule. Nilipokuja kumtazama alinirukia kifuani akitaka kunyonya, mama akamwondoa na kumwambia: huyu si mama, huyu ni dada. Ndivyo wanavyoachishwa ziwa watoto wote kwetu, silaumu. Lakini msimu ulikwisha, tukahamia huku, na yule mtoto mpaka leo ananiita dada. Kila nikija anakuja kuniamkia, “Shikamoo, dada,” na ananipa mkono kama mgeni.

Mfundishe kuniita mama, Mbeyu. Usipomfundisha wewe hakuna mwingine atakayemsikia.

Na jambo moja zaidi, nalisema kwa kuwa mimi ni mkubwa wako. Chirau amekuposa mwaka wa pili sasa, anangoja mpaka anachekwa. Olewa. Zaa wako.

Mwanasha

Msambweni, 20 Juni 1957

Dada Mwanasha,

Shikamoo. Tumepata habari kwamba umejifungua salama, tumeshukuru. Mama yetu alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza. Khamisa ni jina zuri. Sasa una watatu.

Esha amechanjwa. Alama imeshika vizuri na cheti ninacho. Atakuja shule zikifungwa mwezi wa nane, kama ulivyotaka, na nimemtayarisha namna hii. Kila jioni tunaweka benchi barazani, anakaa, namfunga leso kiunoni kuwa ndiyo ule mkanda wa kiti cha ndege, na yeye anatafuna ubani na kumeza mate. Mimi nakuwa mhudumu. Namwuliza jina lake kamili, jina la baba yake, anakwenda mji gani na mtaa gani. Anajibu bila kukosea. Sharti la kutopokea kitu kwa mtu asiyemjua amelishika mno, hata juzi alimkatalia mzee Boga embe alilomletea, mzee akaenda zake amenuna.

Bibi yake aliuliza maswali mengi kuliko mtoto. Alitaka kujua kama ndege inasimama njiani watu wasali, na choo chake kinamwagikia wapi. Nilipomwambia sijui, alisema basi siku hiyo hatakaa nje uani. Chupa ya mafuta ya nazi ameificha katika mfuko wa Esha, nami nimeitoa, na yeye ameirudisha.

Ulichosema kuhusu Chirau nimekisoma. Watu wake walituma kuuliza kama ningekuja na mtoto au peke yangu. Niliwajibu, na tangu siku ile wamepunguza kuja. Ulikuwa hujui hilo, nami sikuwa na haja ya kukuambia.

Nataka kujua jambo moja tu. Tikiti yake ni ya kwenda na kurudi?

Mbeyu

Dar es Salaam, 15 Julai 1957

Mbeyu, mdogo wangu,

Marahaba. Khamisa ananyonya kwa nguvu, sura yake ni ya mama yetu mtupu. Seifu ameambiwa dada yake anakuja, amemtengea nusu ya kitanda na kuchora mstari wa chaki katikati.

Ndege ni ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti, asubuhi, uwanja wa Port Reitz. Fikeni mapema. Abdurahman atakuwa Mtwara kikazi wiki hiyo, kwa hiyo mimi mwenyewe ndiye nitakayempokea, na jina langu ndilo litakaloandikwa: Mwanasha, mama mzazi. Watu wa ofisini hawanijui, mimi ni mwanamke wa buibui na huko uwanjani sijapata kufika, basi kila kitu kiwe sawa kwenye kadi.

Lile neno nililokuomba umfundishe hukunijibu. Nachukua kwamba umemfundisha.

Mwanasha

Msambweni, 12 Agosti 1957

Dada,

Shikamoo. Yaliyotokea upande wako unayajua. Nakuandikia ya upande wangu.

Tulilala Likoni kwa shangazi, asubuhi tukavuka kwa feri. Esha alivaa viatu vyeupe. Kadi nilimvika mwenyewe, nikaigeuza maandishi yatazame mbele. Nilisoma “mama mzazi” chini ya jina lako, nikaisoma tena, kisha nikamfunga kitufe cha juu cha gauni ingawa hakikuwa kimefunguka. Msichana mhudumu alimshika mkono na hakulia. Alipofika kwenye ngazi aligeuka, akaniuliza kwa sauti mbele ya watu wote kama nitamngoja palepale kwenye benchi. Nilimwambia ndiyo. Nilijua anavyofikiri: anakwenda na kurudi, kama mtu aendaye sokoni. Sikumsahihisha.

Basi nilikaa. Ndege ilipotea, watu wakaondoka, mfagiaji akaja akafagia mpaka miguuni pangu, nikainua miguu, akapita. Sikuwa na kazi pale. Nilikaa kwa kuwa nilikuwa nimemwambia nitakaa.

Aliyenijia ni karani wa kampuni, Bwana Garama, yule aliyeshuhudia sahihi yangu.

“Mwalimu,” akasema, “Dar es Salaam wako kwenye simu ya upepo. Mama aliyeandikwa amefika. Lakini mtoto ameulizwa huyu ni nani wako, kasema ni dada. Wamemwuliza mama yako yuko wapi, kasema yuko Mombasa, amekaa kwenye benchi.”

Akaitazama karatasi yake, akaendelea:

“Kwenye kadi imeandikwa mama mzazi. Mama ni yupi? Wale hawamtoi mtoto kwa mtu asiyemkiri. Ndege inageuka mchana huu huu, na jambo lisipoeleweka watamrudisha nayo.”

Nilifurahi, dada. Nakuandikia kwa sababu ukilisikia kwa mwingine utadhani niliona haya. Furaha ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Nilikuona umesimama pale na Khamisa begani, watu wanakutazama, huna cha kuonyesha ila karatasi. Mimi sikuwa na haja ya kusema uongo wowote. Nilikuwa na haja ya kunyamaza tu, na jioni angekuwa amelala Likoni ameshika sikio langu. Bwana Garama alisimama akingoja, kalamu ya risasi mkononi. Kisha akasema, kama mtu anayetaka kunituliza, kwamba nisihofu, mtoto amekalishwa ofisini pazuri, amepewa soda, ila ameikataa.

Esha hakatai soda, ila kwa watu asiowajua. Nilijua sasa anavyokaa: magoti pamoja, mfuko kifuani, hatazami mtu.

“Waambie aliyekuja ndiye mama yake,” nikasema. “Ndiye aliyemzaa.”

Alikwenda, akarudi. Mtoto hasadiki. Anasema mpaka mama yake aseme mwenyewe.

“Niwaambie nini, mwalimu?”

“Waambie wamwambie hivi: Mama amesema, nenda.”

Sikungoja jibu. Nilipanda basi la Likoni nikiwa na leso ya Esha mkononi, sijui niliichukua saa ngapi.

Ulichukua kwamba nimemfundisha. Sikumfundisha. Kila jioni kwenye benchi lile nilimwuliza maswali yote isipokuwa lile moja.

Mbeyu

Dar es Salaam, 8 Septemba 1957

Mbeyu,

Marahaba. Mama yetu mwambie chupa ya mafuta ya nazi ilifika nzima, na ilinusurika kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama mtoto.

Nimekaa na barua yako karibu mwezi, niliogopa kuijibu nikiwa na hasira. Hasira bado ninayo, lakini imepoa kiasi cha kuandikika.

Mzungu wa ofisi alilirudia neno lako kwa Kiswahili chake kibovu: “Mama amesema, nenda.” Esha akasimama, akanipa mkono. Mbele ya wapagazi na abiria nilikabidhiwa mwanangu kwa ruhusa yako. Nilitamani kumrudisha kwenye kiti kile nitoke mikono mitupu, ingekuwa afadhali. Sikufanya. Nilimshika nikamtoa nje haraka, kama mwizi.

Yeye na Seifu wanapatana, mstari wa chaki umefutika wenyewe. Anambeba Khamisa vizuri. Ananitazama nikinyonyesha, kisha hutoka nje. Mimi ni dada mpaka leo. Nikimtuma ananitii kama anavyomtii mgeni mkubwa, kwa adabu, na adabu ile ndiyo inayonimaliza.

Sasa nikuambie ambalo umelijua siku nyingi. Tikiti ilikuwa ya kuja tu. Ameandikishwa shule hapa, ameanza Jumatatu iliyopita. Lakini kila siku akirudi ananiuliza ndege ya kurudi ni lini, kwa sababu mama anangoja kwenye benchi. Nimemwambia karibu. Nimemwambia mvua. Nimemwambia mpaka Abdurahman arudi, na Abdurahman amekwisha kurudi.

Neno lako ndilo analolisikia. Basi mwandikie. Mstari mmoja unatosha: Mama amesema, baki. Nitamsomea mwenyewe. Nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kukuomba.

Mwanasha

Msambweni, 29 Septemba 1957

Dada Mwanasha,

Shikamoo. Mama yetu ana kikohozi lakini anakula. Mikorosho inachanua. Shuleni wamenipa darasa la nne.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaanza kumwandikia Esha mstari ule. Niliuandika mara nyingi. Nina mwandiko mzuri, anaujua, angeusadiki. Nimeichoma ile karatasi jikoni na mama yetu akaniuliza naunguza nini, nikasema daftari la zamani.

Sitauandika. Nilisema nenda kwa kuwa mtoto alikuwa na hofu na hakukuwa na mwingine wa kumtoa katika hofu ile. Hili la sasa si hofu. Hili ni lako. Ulitaka jina, na jina hili lina kazi zake: kumkeshea mtoto akiwa na homa, kumchapa, na kumwambia analolichukia huku anakutazama usoni. Wewe unataka aipate kwako furaha yote, na uchungu aupate kwangu kwa barua. Hapana. Kama harudi, mwambie wewe, kwa mdomo wako, kwamba tikiti ya kurudi haikuwako tangu siku ya kwanza.

Unadhani nakuandikia hivi kwa wivu. Ni kweli, nakuonea wivu. Nawaonea wivu Seifu na ile nusu ya kitanda. Namwonea wivu mwalimu wake wa huko nisiyemjua. Nikiwaona watoto wakitoka shule natazama viatu, kama kuna vyeupe. Lakini hata nisingekuwa na wivu ningekujibu vivi hivi.

Mbeyu

Dar es Salaam, 24 Novemba 1957

Mdogo wangu Mbeyu,

Marahaba. Mama yetu asinywe maji baridi, na wewe usifanye kazi za shule mpaka macho yakauma, najua tabia yako.

Barua yako niliitupa kabatini chini ya nguo. Wiki nzima sikuzungumza hata na Abdurahman. Kisha siku moja mchana nilikuwa nachambua mchele, Esha akaja na swali lake lile lile, ndege ni lini. Nikaweka ungo chini. Nikamwambia hakuna ndege. Nikamwambia tikiti ilikuwa ya kuja tu, na kwamba nilijua hivyo kabla hajapanda, na kwamba yule aliyeko kwenye benchi hakuambiwa.

Hakulia mara moja. Alisimama akinitazama kama mtu mzima. Kisha akasema:

“Mama, umenidanganya.”

Alilisema bila kufikiri, Mbeyu. Mimi nadhani hata yeye hakulisikia. Neno nililolingojea tangu alipoachishwa ziwa limenijia kwa hasira, katikati ya pumba za mchele, na nimelipokea hivyo hivyo lilivyo. Akaanza kulia, nikamkumbatia, akanipiga ngumi begani, nikamwacha anipige mpaka akachoka. Usiku hakula. Asubuhi alikuja mwenyewe nimsuke.

Nilikwenda na Abdurahman ofisini. Safari hii nilitaka kuona kila karatasi kwa macho yangu. Esha anapanda Jumamosi tarehe 7 Desemba. Kwenye kadi nimekuandika wewe, na karani alipouliza wewe ni nani kwa mtoto, nilimwambia amwulize mtoto. Akamwuliza. Lililojibiwa limeandikwa, utalisoma mwenyewe shingoni mwake.

Tikiti ni ya kwenda na kurudi. Nimeitia katika mfuko wake mbele yake, akaitoa, akasoma tarehe zote mbili, akairudisha. Shule inafunguliwa Januari na kiti chake kipo. Ni juu yako kumpandisha tena, au kutompandisha. Sitakuandikia lolote la kukusukuma, na nimemkataza Abdurahman pia.

Nakuomba moja tu. Ukimpokea, usimwulize siku hizi ananiita nani. Ngoja, litamtoka lenyewe, pengine mko mezani, pengine unamwogesha, naye hatajua kwamba amesema kitu. Wewe utajua. Uinamishe uso, umwombe akupe chumvi au sabuni, kama ninavyofanya mimi kila anapokutaja.

Dada yako,
Mwanasha